Nyuma ya Baiskeli Hadi Nyansiongo

Tangu nirudi, sipiti kisimani bila kusimamishwa. Yunes anataka habari za mtoto, Teresa anataka kujua kama ni kweli nililala nyumbani kwa Wakatoliki, na Mama Halima ananiuliza lile swali lake huku ameziba mdomo kwa leso. Kusimulia na mtungi kichwani kumenichosha shingo. Mwalimu wetu wa ngumbaru, Bwana Samweli, alisema mtu aliyejifunza kuandika uzeeni asipoandika ni kama aliyenunua jembe akalitundika ukutani. Basi nimeandika. Mmoja awasomee wengine, na mkikuta herufi imekaa vibaya, mcheke polepole.

Habari iliyopewa migomba

Jumatano jioni alifika kwangu mkwe wangu Ogeto, matope mpaka masikioni, na baiskeli yake imekuwa rangi ya udongo. Huyu ndiye aliyemwoa Kwamboka, kitinda mimba wangu, akampeleka Nyansiongo kwenye mashamba yale watu wetu waliyogawiwa Wazungu walipoondoka. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya ua, akageukia migomba, akaieleza migomba habari yote, nami nikasikiliza kutoka jikoni.

Hapa naandika kwa ajili ya Mama Halima, maana yeye kaja huku na duka la mumewe na mambo yetu mengine yanamshangaza. Kwetu Wakisii mkwe na mama mkwe wana ensoni kati yao, ndiyo aibu ya heshima. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno la upuuzi halipiti baina yao. Na ndugu yake mkwe wako naye ni mkwe vilevile. Aibu haipungui.

Migomba iliambiwa hivi: Kwamboka amejifungua mtoto wa kiume, sasa ana wiki tatu. Nyinyi wa kisimani mlilia pamoja nami, mnajua alizika wawili kabla ya huyu. Sasa amejifungia naye ndani, mlango haufunguliwi hata jua likiwaka, kila jicho analiogopa. Mchungaji anayezungukia makanisa mengi atafika Nyansiongo Sabato hii kubariki watoto, na akiondoka harudi mpaka wimbi livunwe. Kwamboka amesema mtoto hatoki nje isipokuwa mikononi mwangu, mimi mama yake mzazi.

Maana yake ilikuwa moja. Nisipofika kabla ya jua la Ijumaa kutua, nimechelewa, kwa sababu Sabato ikishaingia mimi sisafiri, hilo hata kuku wangu wanalijua. Na mjukuu wangu angekaa gizani mpaka mavuno.

Lile basi la kwenda mjini nalo lilikuwa limezama kwenye tope siku ya tatu, abiria wameliacha na dereva wake. Ogeto alikuwa na baiskeli, lakini nikae nyuma ya mkwe wangu, nimshike kiuno? Heri nitambae. Alfajiri akarudi peke yake kwa mkewe. Mimi nikampelekea habari ndugu yangu Nyakundi, ambaye ana baiskeli na hana kazi ya maana siku za mvua.

Marani mpaka Mosocho: maziwa

Nyakundi alilifunga gunia lililokunjwa kwenye keria, ndiyo kiti changu. Kikapu cha unga wa wimbi kikaning'inia kwenye usukani. Kibuyu cha maziwa ya mgando nikakipakata mimi mwenyewe, kwa kuwa Nyakundi simwamini na maziwa.

Nyinyi mnaoijua njia hiyo kwa miguu, hamuijui. Kwa miguu kilima kina mwisho. Kwa baiskeli ukimaliza kupanda umechoka, na ukianza kushuka unatubu. Kila kilima tulishuka, yeye anavuta usukani na mimi nasukuma keria, miguu inateleza kama ya ndama aliyezaliwa jana. Kila mteremko tulikaa tena, nikafumba macho. Sikuwa na pa kushika ila shati lake, nalo likatoka vifungo viwili kabla hatujafika mbali.

Kwenye ule mteremko mrefu wa kuingilia Mosocho kibuyu kilichoka. Kilikuwa kimetikiswa tangu asubuhi, na kizibo kikaruka kwa mlio mkubwa. Nyakundi akajua gurudumu limepasuka. Akakanyaga breki, akasikia kitu cha baridi kinamtiririka mgongoni, akajua sasa ameumia. Tukaingia sokoni Mosocho yeye amelala juu ya usukani anauliza, "Dada, ni damu?" nami siwezi kumjibu kwa kicheko. Mwanamke mmoja muuza mboga, Bochaberi, aliacha mafungu yake akaja kumpangusa kwa majani ya mgomba. Akamwambia wanaume wengine hutoka jasho, yeye anatoka mgando, na kama bado hajaoa basi amsubiri kidogo. Nyakundi ana wake wawili. Hakusema.

Mjini Kisii: shali

Mjini nilimtaka Nyakundi apite moja kwa moja, lakini alihitaji pampu, na mwenye pampu alikuwa amekwenda kula. Nikaingia duka la nguo la Zakayo Ong'era kutafuta shali ya mtoto. Zakayo amevaa tai. Aliniuliza mtoto ni mkubwa kiasi gani, nikasema sijamwona. Akauliza ni mweupe au mweusi ili rangi impendeze, nikasema sijamwona. Akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama nina hakika mtoto yupo. Nikamwambia, mwanangu, yupo kwa imani. Akanipa shali ya manjano, akasema imani ni ya manjano. Huyo Zakayo nitarudi kwake.

Mwenye pampu aliporudi, saa tisa ilikuwa imepita.

Keumbu: kikombe cha Anyesi

Tulifika Keumbu jua likizama, miguu yangu imekufa ganzi mpaka nikashushwa kama mzigo. Nyakundi alikuwa na rafiki hapo, fundi wa magari aitwaye Petero, lakini Petero alikuwa safarini. Mkewe, Anyesi, hakutujua hata kidogo. Alitutazama, matope na maziwa, akasema ingieni, watu wachafu hivi hawawezi kuwa wezi, mwizi hujipanga.

Sasa Teresa, jibu lako ndilo hili. Ndiyo, Wakatoliki, na sanamu ya Maria ukutani, na nililala vizuri kuliko kwangu.

Lakini kwanza tuligombana kidogo. Anyesi alituwekea chai, ya maziwa mengi, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Mimi Msabato, mnajua, chai naichuma na kuiuza lakini siinywi. Nikakirudisha kikombe pole pole. Anyesi akakisogeza. Nikakirudisha. Uso wake ukabadilika. Alidhani naogopa ametia kitu, mgeni kukataa chakula cha mtu ni kumwita mchawi. Akakichukua kikombe changu, akanywa nusu mbele ya macho yangu bila kupumua, akakiweka tena mbele yangu, akakunja mikono. Nikaona hapa lazima niseme ya kanisa. Nilipomaliza kueleza akaniuliza: "Kwa hiyo nyinyi mnapanda kitu ambacho mnaona ni kibaya, halafu mnatuuzia sisi?"

Jibu lake mpaka leo nalitafuta. Nyakundi akajibu kwa kumaliza chai yake na nusu yangu.

Anyesi alinikorogea uji wa wimbi, na ugali na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa siku mbili, ule uchungu wake mzuri. Kibuyu changu tulipokifungua, maziwa yaliyobaki yalikuwa yamegeuka siagi kwa ule mtikisiko. Tukaipaka miguu yangu.

Keumbu mpaka Keroka: foki

Ijumaa tuliondoka mapema, mvua imekata, na ninyi mngeona ile nchi asubuhi, migomba inatoa mvuke na vilima vimepangana kama wanawake kwenye foleni ya kinu. Nyakundi aliimba. Nilimwonya. Mtu anayeimba kwenye mteremko haangalii chini.

Jiwe halikuwa kubwa. Gurudumu la mbele liligonga, foki inayolishika ikakatika pande zote mbili, na baiskeli ikapiga magoti kama ng'ombe. Nyakundi alipita juu ya usukani, mimi nikabaki nimekaa kwenye keria barabarani, kibuyu changu mapajani, sijaelewa. Goti lake lilivimba papo hapo. Tukaenda Keroka kwa miguu, yeye anachechemea nyuma kabisa akiburuta baiskeli, mimi nimetangulia na gurudumu la mbele kichwani, na kila niliyekutana naye akaniuliza baiskeli yenyewe iko wapi.

Tulifika sokoni Keroka saa nane imepita. Fundi wa kuchomelea akasema kesho. Nikamwambia kesho ni Sabato. Akasema basi kesho kutwa. Nikakaa juu ya mawe, na hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu nilihesabu kilomita na nikalitazama jua, na kwa miguu yangu hivi vitu viwili havikupatana.

Muuza chumvi mmoja, Bosibori, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliniuliza ninakwenda wapi. Kisha akasimama juu ya sanduku lake akaliuliza soko zima nani anakwenda Nyansiongo na baiskeli. Mwanamume mmoja wa miaka kama arobaini, aliyekuwa anafunga pakiti za chumvi na sabuni kwenye usukani, akainua mkono.

Mimi ninayekumbuka majina ya watoto wote tuliobatizwa nao, jina la huyo sikuuliza. Jua lilikuwa limenishika koo. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Keumbu, ndivyo, nilikuwa nimelala Keumbu. Akaniuliza nashukia wapi, nikasema kanisa la Wasabato, kwa sababu Ogeto aliiambia migomba kwamba nikifika kanisani naona boma. Akasema anapita hapo hapo. Nikamwacha Nyakundi na goti lake, nikapanda.

Keroka mpaka Nyansiongo: kicheko

Huyo mtu alijua baiskeli. Kwenye kilima hakushuka mapema kama Nyakundi, alisimama juu ya pedali akaenda pindapinda kama nyoka mpaka juu. Kwenye mteremko alisema, "Mama, nishike vizuri, tunalikimbiza jua." Nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili na nikaweka shavu mgongoni pake, upepo ulikuwa baridi. Mnanijua, sijaogopa wanaume tangu nizeeke.

Nao mdomo wake ulikuwa mtamu. Alinieleza kwamba alifanya kazi ya reli Nakuru miaka sita bila likizo, na amerudi mwezi huu tu. Aliniigiza bosi wake anavyokimbia akisikia honi. Nami nikamweleza kuhusu wakwe zangu, bila kuwataja majina, hiyo adabu nilibaki nayo. Nilimwambia mkwe wangu ni kijana mzuri lakini baba yake hacheki. Siku ya mahari ng'ombe alikanyaga kofia ya yule mzee, watu wote tukaanguka chini, yeye akaiokota, akaikung'uta, akaivaa na kinyesi cha ng'ombe. Huyo mtu alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Akasema, "Mama, wazee wa namna hiyo wako kila mahali. Wangu yuko hivyo hivyo."

Tulipofika kwenye mashamba ya chai, wachumaji walikuwa wanarudi na vikapu mgongoni. Wakatuona tunavyokwenda, tumeshikana na kucheka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kumuuliza huyo mwanamume amemwoa bibi huyo lini. Kabla hajajibu, nikajibu mimi: "Jana!" Wakauliza mahari imetolewa? Nikasema anatoa tukifika. Wakapiga vigelegele na vikapu vyao.

Mama Halima, swali lako ni hilo. Ndiyo, nilisema. Tena kwa sauti.

Jua lilikuwa limegusa kilima tulipoliona bati la kanisa. Akapunguza mwendo, akaniuliza sasa ni boma la nani. Nikamwambia kwa furaha, kwa Ogeto, mwana wa Mogaka.

Baiskeli ilisimama. Aliisimamisha kwa miguu yote miwili. Hakugeuka. Aliongea na usukani, polepole sana, akasema, "Ogeto na mimi tumenyonya titi moja."

Nilimwachia kama sufuria ya moto. Nikashuka upande mmoja, yeye akashuka upande mwingine, baiskeli ikaanguka katikati na chumvi ikamwagika. Sijui nani alikimbia kwanza. Najua yeye aliingia kwenye majani chai, akapotelea humo mpaka kichwa, na mimi nikafunika uso kwa kitambaa, nikatembea hatua zilizobaki. Nikapita lango la boma na jua limebaki kipande kama ukucha.

Mlangoni

Walikuwa wametuona. Boma lile liko juu, barabara yote inaonekana, na wachumaji walikuwa wamepita njia ya mkato wakatangulia na habari. Mzee Mogaka, yule wa kofia, alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Hakunitazama, alitazama miti. Akasema kwa heshima sana kwamba nimekaribishwa, lakini mwanawe Mokaya na mimi tumevunja kitu kikubwa. Siwezi kuingia kwa mzazi wala kumshika mtoto mpaka achinjwe mbuzi na sote wawili tuoshwe, la sivyo aibu itamfuata mtoto. Ndipo nilipolijua jina, Mokaya.

Halafu akatazama magharibi. Jua lilikuwa limekwisha. Sabato imeingia, na katika boma la Wasabato kisu hakichinji mpaka Jumapili. Aliliona hilo wakati mmoja na mimi. Jumapili mchungaji atakuwa ameondoka.

Sijui kama mmewahi kusimama mahali ambapo amri mbili, zote za kweli, zinakukaba kila moja kutoka upande wake. Nilikaa chini kwenye majani. Ndani nikasikia sauti ya Kwamboka, "Mama, ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Ingia." Nikasema siwezi. Akasema kama mama haingii, basi yeye na mtoto hawatoki, kesho wala mavuno.

Ogeto alikuwa anazunguka nyuma ya ghala. Mama yake, Nyaboke, alikuwa analia kwa ajili yangu na kwa ajili ya chumvi.

Mlango ukafunguka. Aliyetoka si Kwamboka. Alikuwa Kerubo, mama yake Mogaka, bibi wa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, hana jino, amejikunja kama mundu. Huyo hakubatizwa na wala hataki. Alikuwa amembeba mtoto kwenye mkono mmoja kama mkungu mdogo. Akamwambia mwanawe mzee akae chini. Mogaka, mwenye mvi, akakaa.

Kerubo akasema: "Aibu ni yenu nyinyi mnaozaliana watoto na kupeana ng'ombe. Bibi na mjukuu hawana aibu. Mimi simjui Mokaya wala baiskeli. Huyu ni bibi, huyu ni mjukuu." Akanilaza mtoto mapajani, pale pale kwenye majani, nje, chini ya anga wazi ambalo Kwamboka aliliogopa wiki tatu.

Alikuwa mzito. Alikuwa na paji la uso la marehemu mume wangu, kama limechongwa tena. Nikamfungua kidogo nimwone vidole, na hapo akanikojolea. Si kidogo. Kifuani, mikononi, kwenye ile mikono iliyokuwa imemshika Mokaya kiuno, mpaka chini.

Kerubo akainama, akatazama, akasema: "Ameshamwosha. Kama kuna mwenye maji ya kumshinda, alete."

Mzee Mogaka alitazama miti kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe baadaye aliniambia kwamba tangu waoane hakuwahi kuona hivyo. Alicheka bila sauti, machozi yanashuka, kofia ikamwanguka na hakuiokota. Akamnyooshea mtoto kidole, akasema, "Mwenye boma ameamua." Na Kwamboka akatoka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, akaja akakaa kando yangu kwenye majani, akaweka kichwa begani pangu, hakujali harufu.

Sabato, na kurudi

Kanisani mchungaji aliita jamaa wote waje mbele. Tulisimama mstari, mimi na mtoto na shali ya manjano mwisho huku, Mokaya mwisho kule, ametoka kwenye majani chai na koti la kuazima, na katikati yetu akasimamishwa Kerubo asiyebatizwa, kama ukuta. Wachumaji walijaza viti vya nyuma. Walijitahidi sana wasicheke. Mtoto akabarikiwa, akapiga chafya, na Kwamboka mwenyewe akampokea akatoka naye juani, akawa anamwonyesha kila mtu aliyemwomba.

Jumapili nilipaswa kurudi kwa Nyakundi na goti lake. Mokaya naye alikuwa anashuka Keroka, na Mzee Mogaka akafunga gunia la viazi na kabichi zangu kwenye keria ya baiskeli ya mwanawe. Hakukuwa na mtu mwingine wa kunisindikiza, kwa kuwa Ogeto ni mkwe na kila mwanamume wa boma lile ni mkwe vilevile. Basi Mokaya akatangulia anaisukuma, mimi nikafuata nyuma yake hatua mia, kila mtu upande wake wa barabara. Yule aliyenichekesha kutoka Keroka mpaka Nyansiongo, sitasema naye tena maisha yangu yote, wala yeye nami, na ndivyo inavyopaswa. Siwezi kuwadanganya, nilikuwa na ya kumwambia. Nilitaka kumweleza baba yake alivyocheka.

Kuna mteremko mrefu kabla hujaingia Keroka. Baiskeli yenyewe hutaka kukimbia pale, na mwanamume yeyote angeikalia aende na upepo, amngoje mtu chini. Mokaya hakuikalia. Alibana breki zote mbili, akatembea kando yake hatua kwa hatua, gunia linamsukuma, visigino vinachimba tope, mpaka chini kabisa. Hakugeuka hata mara moja kuangalia kama nipo.